Fundi Arumugam na Majina ya Shaba

Wengi wenu mnadhani nilikuwa nauza vikombe vya mpira. Najua mmeitoa wapi hiyo habari. Mkija kunitembelea Macquarie Fields mnaviona vimepangwa juu ya kabati la televisheni, vinang'aa kama dhahabu, na hakuna mtu wa nyumba ile anayejua kupiga mpira. Vile vikombe ni makosa. Kila kimoja kina neno lililokosewa, mteja akakikataa, nikakibeba nyumbani. Kimoja kilikuwa cha mchezaji aliyepiga hatua kuliko wenzake. Herufi moja ya Kiingereza ikateleza, "player" ikawa "prayer", na mchezaji akawa sala. Mchungaji alikipenda, akaniomba akiweke ofisini kwake. Nilimnyima. Makosa ya kazi hayagawiwi.

Kazi yangu ilikuwa kukata majina. Sisemi kuandika. Anayeandika anaweka wino juu ya kitu. Anayekata anaondoa, na kilichoondolewa hakirudi. Nimekata majina ya washindi, ya madaktari, ya marehemu, ya mbwa wengi sana, na la mama mmoja aliyetaka jina lake liwekwe kwenye benchi la bustani akiwa bado hai ili akae na kuliegemea. Kazi hiyo nimeifanya Fairfield mpaka vidole vikakataa kukunjika. Mmeniomba niwaambie habari za kazi kwa sababu mnatafuta kazi, au mmeipata na hamuipendi. Mtanijibu kwa Kiingereza, sawa. Masikio yenu yanajua Kiswahili, nami nasema na masikio.

Nilipofika nchi hii kutoka kambini Tanzania, nilianza kwenye kiwanda cha kuku. Tulikuwa tunafunga mapaja kwenye plastiki, ndani ya baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Msimamizi aliniita "Lav". Nikadhani hilo ndilo jina nililopewa Australia, nikalizoea, nikawa naitika. Siku moja akasema "Lav", nikageuka, kumbe anamwita mwanamke mwingine. Ndipo nikajua kwamba ni "love", mpenzi, kwamba kila mwanamke pale ni Lav, na kwamba kwa muda wote ule hakuna aliyekuwa ameniita mimi.

Njiani kwenda stesheni kulikuwa na kiduka chembamba, kimebanwa kati ya bucha na duka la vitambaa. Dirishani kulikuwa na bamba la shaba nyekundu lenye herufi za mviringo nisizozijua, zimejipinda kama watu waliolala kwenye mkeka mmoja. Nilikuwa nasimama pale nikitoka kazini, nalitazama, halafu naenda zangu. Siku moja mwenye duka akatoka. Alikuwa mzee mwembamba, Mhindi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni. Akaniuliza natafuta nini. Nikasema natazama tu. Akaniuliza jina langu. Nikasema Butoyi.

"Maana yake nini?" akauliza.

Ninyi wa Burundi mnajua, lakini hapa wamo pia watoto wa Kongo na wa Kenya, kwa hiyo nawaeleza. Kwetu, pacha anayetangulia kuzaliwa ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, awe wa kiume au wa kike. Nikamwambia hivyo kwa Kiingereza changu cha kuokoteza.

"Na yule mkubwa yuko wapi?"

Nyumbani swali hilo ni kama salamu. Ukitaja Butoyi tu, mtu anauliza Bukuru hajambo. Lakini hapa, maofisa, daktari, mwalimu wa Kiingereza, wote walikuwa wameliandika jina langu na kuligonga muhuri, wala hakuna aliyeona kwamba ni nusu. Nikamwambia Bukuru alikuwa kaka yangu, alikufa kambini kwa homa. Nikamwambia hata kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu, kwamba tulimsimikia ubao wenye jina lake kwa mkaa, na mchwa wakaula wote.

Yule mzee hakusema pole. Aliniambia nije Jumatatu, na nivae viatu vinavyofunika vidole.

Aliitwa Arumugam. Jina hilo lilinikaa mdomoni vizuri tangu siku ya kwanza, utadhani ni la kwetu. Alitoka Kumbakonam, mji wa Watamil kusini mwa India, ukoo wa mafundi wa shaba, baba kwa mtoto. Kwao hakuna jina la ukoo kama la Wazungu. Mtu ana jina lake, na mbele yake anaweka herufi moja ya jina la baba. Yeye alikuwa M. Arumugam, na M ilikuwa Muthusamy, baba yake. Alipoingia Australia ofisa mmoja akamwambia herufi moja haitoshi. Akalijaza jina lote la baba, akaliweka mwishoni, na tangu hapo benki, hospitali na watu wa umeme wakamwita Mista Muthusamy. Wakipiga simu dukani kumtafuta Mista Muthusamy, aliwajibu kwa adabu kabisa kwamba huyo alikufa zamani Kumbakonam, je, wangependa kumwachia ujumbe?

Mimi hayo yalinipata kwa upande wa pili. Kwetu kila mtoto ana jina lake mwenyewe, na jina ni maneno ya wazazi siku ile alipozaliwa. Wengine wanamshukuru Mungu, wengine wanamsema jirani. Nilimjua mama mmoja aliyempa mtoto jina lenye maana ya kwamba wananichukia, na alikuwa akimwita kwa sauti kubwa kila wifi yake akipita. Kwa hiyo ndugu wa tumbo moja hawachangii jina. Maofisa hawakulielewa hilo. Waliwatazama watoto wangu, wakatazama karatasi, wakauliza kama kweli hawa ni wa familia moja. Mwisho wakawapa wote Butoyi. Leo nina Butoyi Perth, nina Butoyi Brisbane, nina wajukuu akina Butoyi, na hakuna hata mmoja aliye pacha.

Nilipomsimulia Fundi habari hiyo alicheka mpaka akavua miwani. Nilimwita Fundi. Alipenda neno hilo, akaniuliza limeanzia wapi, nikasema mimi nililikuta tu. Yeye akaniita *tangachi*, dada mdogo kwa Kitamil. Akanifundisha pia kwamba kaka mkubwa wanamwita *anna*. Nadhani alikuwa anangoja nimwite hivyo. Sikuweza. Neno lilikuwa jepesi mdomoni, lakini nafasi ile ilikuwa na mwenyewe.

Sasa kazi. Sikilizeni, kwa sababu hili halipo kwenye simu zenu. Shaba ikipigwa sana inakuwa kaidi, tindo, chuma cha kukatia, inarukaruka, herufi inapasuka kingo. Dawa yake ni moto. Unaipasha mpaka iwe na wekundu kidogo, kisha unaitumbukiza majini. Chuma ukikifanyia hivyo kinakakamaa, shaba inalainika. Nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza nilidhani Fundi ananichezea. Kisha unalilaza bamba kwenye kitanda cha lami iliyochanganywa na unga wa matofali, ili likae imara na bado linywe pigo la nyundo. Huanzi na herufi. Unakata mistari iliyonyooka mpaka uichoke, halafu miviringo mpaka uichukie. Nilikata miviringo msimu mzima wa baridi. Fundi aliipitia kwa kucha, si kwa macho. Kucha ikikwama, anatupa kipande kwenye ndoo.

Na kabla ya kukata jina, unalisoma kwa sauti mbele ya mwenyewe. Kanuni hii ilizaliwa na kosa la Fundi. Mwanamume mmoja alikuja kuagiza kibao cha kaburi la kaka yake. Akaandika jina lake juu kama mteja, na la marehemu chini. Fundi akakata la juu. Yule bwana alipokuja kuchukua alisimama akijisoma, jina lake, kisha apumzike kwa amani. Fundi alitamani ardhi immeze. Mteja akasema kibao ni kizuri sana, kipigwe kingine cha kaka, na hiki aende nacho, siku moja kitahitajika. Cha pili kilipokwisha, akaondoka navyo vyote viwili chini ya kwapa.

Wateja wakipungua, Fundi alikuwa akishusha kutoka juu ya kabati bomba refu la karatasi. Ndani mlikuwa na nakala za mabamba ya kale ya kwao, alizozitoa yeye mwenyewe akiwa kijana. Unalowesha karatasi, unailaza juu ya bamba, unaipigapiga kwa brashi mpaka iingie ndani ya herufi, halafu unapitisha wino kwa kitambaa. Mahali palipokatwa panabaki peupe. Aliniambia kwamba zamani mfalme akimpa mtu ardhi, hakumpa karatasi. Alimpa mabamba ya shaba yaliyotobolewa na kufungwa pamoja kwa pete nene, na juu ya pete muhuri wa mfalme. Watu waliyafukia chini ya nyumba zao vita vikija. Mpaka leo mkulima analima, jembe linagonga kitu, anafukua, anakuta majina.

Nilimwomba anisomee tena na tena. Kwanza mfalme, na baba yake, na babu yake, sifa juu ya sifa. Halafu mtu anayepewa ardhi: ni fulani, mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, wa ukoo fulani, wa kijiji fulani. Hakuna aliyesimama peke yake kwenye yale mabamba. Halafu mipaka: mashariki ni kichuguu, kusini ni mkwaju, magharibi ni mfereji wa maji. Hapo kwenye kichuguu ndipo nilipokuwa nafumba macho, nikiwakumbuka mchwa na ubao wa Bukuru. Mwishoni wanasema zawadi hii idumu maadamu jua na mwezi vipo, na atakayeipokonya azaliwe tena akiwa funza kwenye kinyesi kwa miaka na miaka. Tulimpenda sana huyo funza. Mteja akitusumbua, Fundi alinitazama tu, na mimi nikajua anamfikiria. Mabamba mengine yanamaliza kwa jina la aliyeyakata. Fundi alipitisha kidole hapo kila mara, taratibu, kama anampapasa mtu.

Mtoto wake alikuwa mmoja, Muthu, mhandisi, kijana mpole asiyekaa dukani muda mrefu. Ni yeye aliyetuletea mashine ya leza. Tuliichukia kwa siku chache kisha tukaizoea, kwa sababu vikombe vya shule vilikuwa vingi na mgongo wa Fundi ulikuwa umeshachoka. Msiniulize kama ni mbaya. Inakata safi kuliko mimi. Ila haimuulizi mtu jina lake linasomwaje. Unaiandikia kwenye kompyuta, unafunga kifuniko, unakunywa chai. Wateja nao wakaacha kuingia. Wakawa wanatuma majina kwa mtandao, na vifurushi vinaondoka na mtu wa posta. Kuna siku tulifunga duka bila kusikia sauti ya mtu mwingine.

Kisha Muthu akapata mtoto wa kiume.

Kwa Watamil, mjukuu wa kiume wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba. Hata neno lao la mjukuu limetoka ndani ya neno jina. Ni mbeba jina. Siku ya kumpa jina, wakubwa wanamnong'oneza mtoto sikioni. Muthu mwenyewe alikuwa Muthusamy, jina la babu yake. Kwa hiyo Fundi hakuwa na wasiwasi. Alinunua shati jipya. Aliporudi kutoka hospitali alilivua, akalikunja vizuri, akavaa koti la kazi. Nikamuuliza mtoto anaitwa nani. Akasema Oliver, akawasha tanuri.

Hakulisema tena jambo hilo. Lakini siku za baadaye akatoa kipande cha shaba nene alichokuwa amekihifadhi, akakipasha moto, akakipiga, akakunja kingo juu kidogo kama walivyofanya wa kale ili herufi zisisuguane. Akaanza kukata kwa mkono, kwa Kitamil. Alikata ukoo wake. Na kwa kuwa kwao majina yanapokezana, bamba zima lilikuwa na majina mawili tu: Arumugam mwana wa Muthusamy, mwana wa Arumugam, mwana wa Muthusamy, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Baada ya kila jina aliweka sifa moja. Huyu alifua kengele ya hekalu. Huyu alikuwa na sauti. Sifa yake mwenyewe ilikuwa kwamba alivuka bahari. Ilimchukua miezi mingi, maana mikono ilikuwa imeanza kutetemeka, na alikuwa akingoja itulie. Alipofika mwisho, akakata jina la mjukuu. Hakukata Oliver. Alikata Arumugam.

Akaniita nitazame kama herufi zimekaa sawa. Nikatazama. Nikamwambia zimekaa sawa.

"Lakini mtoto ameshaitwa, Fundi," nikasema. "Ongea na baba yake kwanza."

Akachukua kitambaa akafunika bamba. Tangu hapo hatukuongea isipokuwa maneno ya kazi: lete tindo, funga mlango, mteja anangoja. Chai yake aliinywea nyuma kwenye fuawe, lile chuma la kupondea shaba, yangu mbele karibu na dirisha. Vijana, kuna upweke wa kukaa peke yako, huo mimi naujua sana. Lakini ule wa kukaa na mtu uliyezoea kucheka naye, mnasikilizana mkinywa, sikutakii hata wewe mwenye maneno mengi pale nyuma.

Muthu alikuja mchana mmoja kurekebisha leza. Alipokuwa anatafuta bisibisi akaondoa kile kitambaa. Kitamil alikisoma kwa shida, kidole juu ya herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. Tulimwacha asome. Alipofika mwisho mimi nikataka kutoka nje, lakini mlango ulikuwa upande wao.

"Appa," akamwambia baba yake, "unajua shuleni waliniitaje?"

Fundi akasema, Muthu.

"Waliniita ng'ombe. Mwalimu akisoma jina langu, darasa zima lilikuwa linalia muu. Kila asubuhi, mpaka nikamaliza shule. Halafu nakuja hapa dukani, unaniuliza shule vipi, nakwambia safi." Akarudisha kitambaa juu ya bamba. "Sitaki mwanangu aje aniambie safi."

Fundi akamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo.

"Kwa sababu lilikuwa jina la baba yako," Muthu akajibu.

Akamaliza kufunga mashine, akatuaga wote wawili, akaondoka. Fundi alikaa kwenye kigoda chake mpaka jua likahama dirishani. Sikuenda nyumbani. Sikujua kama ananitaka niwepo, lakini nilijua sitaki asiwepo mtu. Mwisho akainuka, akalipasha bamba mpaka likaachia lami, akalifuta, akalilaza juu ya fuawe. Akachukua nyundo pana. Akaanza kulipiga pale mwishoni, juu ya jina lake, kwa mapigo madogo madogo, kama unavyompigapiga mtoto mgongoni alale. Mafundi wa kale walifanya hivyo hivyo walipokosea: wanaifuta herufi kwa nyundo, wanakata nyingine juu yake. Nakala zake zilikuwa na sehemu kama hizo, na alikuwa akinionyesha huku akicheka, kwamba hata mafundi wa mfalme waliteleza.

Pakawa pamelala. Akachora kwa penseli herufi za Oliver kwa Kitamil, akanipa tindo.

"Kata wewe," akasema. "Mimi leo sioni vizuri."

Nikakata. Sijawahi kukata kwa uangalifu kama ule, na mkono wangu haukuwa mzuri hivyo tena. Ukiliinamisha lile bamba kwenye mwanga, chini ya Oliver unaiona migongo ya herufi za kwanza. Alipolipeleka kwa Muthu sikuwepo. Alirudi Jumatatu akasema wamemwekea mtoto bamba mapajani, na mtoto akalilamba. Halafu akaleta kikombe chake mbele, karibu na dirisha.

Duka lilifungwa macho yake yalipokwisha. Sasa pale wanatengeneza simu. Mimi nikastaafu, kama wanavyosema, maana yake nikabaki nyumbani na vikombe vyangu. Mnafahamu nyumba zetu za Macquarie Fields. Asubuhi watoto wanakwenda shule wakipiga kelele, kisha kimya, kisha wanarudi. Binti zangu wananipigia Jumapili, wanaweka wajukuu kwenye skrini, wajukuu wananiambia "Hi, Bibi", wanakimbia. Sina ugomvi nao. Nawaambia tu jinsi wiki ilivyo ndefu.

Fundi alianguka bafuni, akavunjika nyonga, Muthu akampeleka kwenye nyumba ya wazee si mbali na Guildford. Kila Jumatano nilipanda treni kwenda kumwona. Kwanza tulikuwa tunaongea. Halafu Kiingereza kikaanza kumtoka, kidogo kidogo, kama rangi inavyotoka kwenye nguo, akabaki na Kitamil peke yake, ambacho mimi nilijua maneno yake ya kuhesabika kwa vidole. Halafu akanyamaza. Wahudumu waliniambia hasikii tena, hageuki akiitwa, chakula anakiacha, akili imekwenda.

Mmoja wa wahudumu wale mnamjua. Ni Esperansi wetu, anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya. Jumatano moja nilikuwa nimekaa kitandani kwa Fundi, Esperansi akaingia na uji, akainama, akamwambia kwa upole, "Sami, tule kidogo. Sami."

Nikamuuliza Sami ni nani.

"Ni huyu, Bibi. Mlangoni wameandika Mista Muthusamy, tunamkatishia, Sami."

"Huyo ni baba yake," nikamwambia. "Mnamwita baba yake."

Muthu hakuwahi kuliona hilo. Yeye akija anamwita Appa, basi. Na mimi nilimwita Fundi, nikaona inatosha. Lakini Fundi lilikuwa neno la dukani, na nadhani naye alikuwa amekwishatoka dukani akarudi mbali zaidi, mahali nisipofika. Nikamfundisha Esperansi kulisema jina kama nilivyolisikia kwa mwenyewe, A-ru-mu-gam. Hakusumbuka, midomo yetu inalijua jina kama hilo. Akarudi kitandani.

"Arumugam," akasema.

Kichwa kiligeuka. Si sana. Lakini kiligeuka, na macho yale yasiyoona yakaanza kumtafuta aliyeita. Esperansi akamlisha kijiko cha kwanza. Siku ile alimaliza uji.

Nikaenda nyumbani nikakata kibao kidogo cha mlangoni, kwenye meza ya jikoni, na vidole hivi mnavyoviona. Herufi moja imelegea, ile G. Msimamizi alisema sheria haziruhusu misumari mlangoni, kwa hiyo kikabandikwa kwa gundi ya karatasi, na kila kikianguka Esperansi alikibandika tena. Wahudumu wengine wakajifunza. Wafilipino, Wanepali, kila mmoja alilitamka kivyake, naye aliwageukia wote.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye nyumba hizo, na wengi wenu ndiyo kazi mliyoipata, mtu mnayemwosha, jina lake muulizeni mwenyewe, au nduguye, au hata yule mwanamke anayekuja Jumatano na treni. Hicho ndicho nilichokuja kusema. Mengine yalikuwa ya kuwachangamsha.

Alikufa asubuhi, zamu ya Esperansi. Alinipigia simu kabla hata ya kuvua glavu. Akaniambia alikuwa anapumua kwa mbali, na yeye hakujua afanye nini wakati nesi anakuja, kwa hiyo akamshika mkono akamwita.

"Aliitika, Bibi," akasema. "Sauti ndogo, lakini aliitika."

Nikamwambia asante. Muthu alikuwa na mambo mengi, nami sikutaka kumchelewesha. Nilikwenda nikamwona Fundi, wakanipa kile kibao, nikapanda treni kurudi. Behewani kila mtu alikuwa na simu yake. Nilifika nyumbani, nikabandika chai. Nilimpigia binti yangu wa Perth, alikuwa kazini. Nikampigia wa Brisbane, simu ikaita mpaka ikakata. Nikakaa na ile habari kwamba aliitika, na hapakuwa na mtu wa kumpa. Nimekaa nayo mpaka leo, mpaka ninyi mlipoketi hapa.